Bili ya Mpira Katika Duka Lisilo na Televisheni

Vijana wangu, mkipita Sakina mkasikia mtu mzima ananiita Mama Mfumo, msidhani niliwahi kuwa mtaalamu wa kompyuta. Mpaka nastaafu niliibonyeza kompyuta kwa kidole kimoja, na hicho kimoja nacho kilikuwa kinapotea njia. Jina hilo nilipewa na wateja, na hawakunipa kwa mapenzi.

Nilifanya kazi katika kampuni moja ya kebo na intaneti hapa Arusha. Sitaitaja, maana bado natumia intaneti yao na sitaki ikatike kabla sijamaliza kuwaandikia. Nilianza enzi za kutembea nyumba kwa nyumba na kitabu cha risiti, nikikimbizwa na mbwa wa Elerai. Siku hizo mteja akibishia bili mlikaa sebuleni kwake mkahesabu pamoja, ukapewa chai, na aliyekosea akakubali. Mara nyingi aliyekosea nilikuwa mimi, kwa sababu hesabu za kutoa zimenisumbua tangu darasa la nne. Baadaye zikaja kompyuta. Nikapandishwa cheo, nikapewa dawati la malalamiko na kiti kinachozunguka, na kile kiti nadhani ndicho kilichoniharibu.

Meneja wetu, Bwana Mosha, alikuwa mtu mpole sana, ndiyo maana nilimwamini. Siku yangu ya kwanza pale dawatini aliniambia, "Mama Neema, mteja usimwambie hapana. Mwambie tunalishughulikia. Akirudi, mwambie bado. Wengi hawarudi."

Mimi nikaongeza la kwangu. Mteja akilalamika ametozwa zaidi, nilikuwa naangalia kioo cha kompyuta, natikisa kichwa kwa huruma, halafu nasema, "Mfumo ndivyo unavyoonyesha." Sijui kama mnaelewa utamu wa sentensi ile. Haina mwenyewe. Ukishaisema hakuna aliyekosea, hakuna wa kugombana naye, na unaweza kurudi kwenye chapati yako. Niliisema miaka na miaka, mpaka siku moja mume wangu aliponiuliza chumvi iko wapi nikamjibu hivyohivyo.

Basi, akaja mama mmoja. Nitamwita Mama Kunda tangu mwanzo ili msichanganyikiwe, ingawa wakati ule sikujua kama ana mtoto anayeitwa Kunda, na laiti ningejua. Kwangu alikuwa namba ya akaunti. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kilemba na mkoba mweusi alioukumbatia kifuani. Ana steshenari pale kando ya barabara ya Nairobi: anachapa, anatoa kopi, anawasaidia vijana kujaza maombi ya chuo na ya mkopo mtandaoni.

"Habari za kazi, mama," alisema. "Mmenitoza chaneli za michezo."

"Ndiyo. Uko kwenye kifurushi cha familia."

"Sikuomba kifurushi cha familia. Niliomba intaneti ya duka."

"Ulitumiwa meseji. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa bure. Usipojibu kwamba hutaki, inahesabika umekubali."

"Lakini dukani kwangu sina televisheni."

Nikaangalia kioo, nikatikisa kichwa. "Mfumo unaonyesha unaangalia mpira."

"Na nani anashinda?" aliuliza.

Watu kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na cheo. Nikamwambia tunalishughulikia.

Alirudi. Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba si mteja wa kawaida. Bili yake sasa ilikuwa imeongezewa faini ya kuchelewesha malipo. Alikuwa amelipa sehemu ya intaneti yote na kuiacha ile ya michezo. "Intaneti nimetumia, nimelipa," alisema. "Mpira sikuagiza. Na faini ya kuchelewesha kitu nisichoagiza nayo inatoka wapi?" Nyie vijana, hilo lishikeni, maana watu wengi wakikasirika wanagoma kulipa bili nzima, kisha kampuni inapata kisingizio. Lipa usichobishia, utunze risiti, ubishie kile kimoja. Mama yule alilijua kwa akili yake tu. Mimi niliyelipwa mshahara kwa ajili hiyo nikamwambia bado.

Siku chache baadaye tukamkatia intaneti.

Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo. Haya nilikuja kuyajua baadaye: benchi la dukani kwake lilikuwa limejaa vijana, na mama wa watu alikuwa anawajazia fomu kwa kutumia simu yake mwenyewe, akinunua bando juu ya bando. Binti mmoja alikuwa ametoka mbali, upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa wafugaji huko. Bando likaisha katikati ya fomu yake na kila kitu kikafutika. Baba yake alikuwa ameuza mbuzi ili apate nauli. Mama Kunda alimlaza kwake, kesho yake wakaanza upya. Hakunieleza hilo pale dawatini. Nadhani alikuwa ameshanipima akaona halitaingia.

Sasa nifike kwenye bango. Ofisini tulikuwa na bango la haki za mtumiaji wa huduma, tuliloletewa na mamlaka inayosimamia mawasiliano. Lilibandikwa ukutani nyuma ya kiti changu. Mimi nililichukulia kama pambo, na sikuwahi kulisoma kwa sababu nililigeuzia mgongo. Pembeni yake kulikuwa na cheti kwenye fremu: makao makuu walitupongeza kuwa tawi lisilo na malalamiko, na picha yangu nikitabasamu imebandikwa chini yake.

Mama Kunda alikuja safari ya tatu, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa juu ya utosi wangu.

"Karibu, mama. Tatizo?"

"Sogeza kichwa kidogo."

"Unasemaje?"

"Kichwa chako kimefunika namba nne. Nasoma."

Nikasogea. Jamani, nilisogea, na kiti kikazunguka nikajikuta nimewapa mgongo wateja wote. Yeye akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma somo kanisani: kwamba mteja hatatozwa huduma asiyoiomba, kwamba ana haki ya bili inayoeleweka, kwamba lalamiko lake liandikwe na apewe namba yake, kwamba asiporidhika na jibu la kampuni, alipeleke kwenye mamlaka.

"Mimi namba yangu ni ipi?" aliuliza.

"Namba gani?"

"Ya lalamiko."

Niwape siri ya dawati. Lalamiko lisilo na namba halipo. Mteja anaweza kulia pale mbele, anaweza kurudi mpaka viatu viishe soli, lakini kama hakuna namba, makao makuu hawaoni kitu na tawi linapata cheti. Sisi hatukuwa tawi lisilo na malalamiko. Tulikuwa tawi lisiloandika. Kwa hiyo ukienda kulalamika popote, usitoke bila namba, hata kama aliyekaa mbele yako ana tabasamu zuri. Hasa kama ana tabasamu zuri.

Nikamwambia Mama Kunda mfumo uko chini. Aliangalia kompyuta iliyokuwa inawaka, akaniangalia mimi, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Jumamosi ya wiki ileile tulikuwa na wageni nyumbani. Binti yangu Neema alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa sekondari, kijana mtaratibu. Wazee wa upande wake, Wachaga wa Machame waliohamia mjini, walikuwa wanakuja kujitambulisha. Mimi Mmeru nilitaka waone kwamba na sisi tunajua kupika ndizi. Nilivaa kitenge kipya. Nilitoka jikoni nimebeba bakuli kubwa la ndizi nyama, nikawasalimia wageni mmoja mmoja kuanzia mlangoni, na nilipofika kwa mama mzazi wa kijana, nikaona kilemba kilekile na mkoba mweusi kifuani, nikarudi nyuma hatua moja.

Mume wangu akaona. "Kumbe mnafahamiana?"

"Sana," alisema Mama Kunda. "Mama huyu ndiye anayenijulisha nikiwa naangalia mpira."

Wazee wakacheka, wakidhani ni utani wa ukwe umeanza mapema. Mimi nikacheka kuliko wote, kicheko kirefu cha ovyo, mpaka Neema akaja kuchukua bakuli mikononi mwangu.

Wakati wa kutoa vyombo Mama Kunda alinifuata jikoni akiwa na sahani. Tukawa wawili. Nikawahi kusema kabla hajasema.

"Mama Kunda, ile bili usiwaze. Jumatatu asubuhi naifuta mwenyewe."

"Usiifute."

"Naifuta, mama. Ni dakika moja tu."

"Kama ni dakika moja, mbona hukuifuta nilipokuja na miguu yangu?" Aliweka sahani kwenye karai, taratibu, hakuna hata moja iliyogonga nyingine. "Mama Neema, leo nimekuja kuomba binti. Jumatatu nitakuja kuomba namba. Hayo ni mambo mawili, tusiyachanganye."

Jumatatu nilimweleza Bwana Mosha, nikiwa na matumaini kwamba atapata njia ya kuniokoa. Akaipata. "Mpe mwezi mzima wa bure," alisema. "Kama zawadi ya ukwe. Atanyamaza, na hatuandiki chochote."

Nilifurahi kwelikweli. Mama Kunda alipofika nilisimama, jambo ambalo wateja wangu hawakuwahi kuliona. "Nimekuombea mwezi wa bure," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Asante. Na yule fundi pikipiki wa jirani yangu? Naye mmemuwekea mpira bila kuomba. Yeye hana kijana wa kuoa kwako. Umemwombea?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. Kwa mara ya kwanza hakikuwa na la kunisaidia.

Basi nikaandika lalamiko lake. Niseme nilijaribu kuandika, kwa sababu sikujua linaandikwa wapi. Nilitafuta kile kitufe karibu asubuhi nzima, yeye amekaa ananisubiri, anasoma bango kwa mara nyingine. Kilikuwa juu kabisa ya kioo, chekundu, pembeni ya saa. Saa niliyokuwa naiangalia kila siku kuona kama muda wa kutoka umefika.

Kampuni ikamjibu kwa maandishi kwamba tozo ni halali, mteja alikubali kwa kutojibu. Mama Kunda hakugomba. Alichukua lile jibu, risiti zake za intaneti, zile meseji zilizokuwa kwenye simu, akavipeleka ofisi ya kanda ya mamlaka. Hakuwa na wakili. Tukaitwa kwenye kikao cha usuluhishi, na Bwana Mosha akaona wa kumsindikiza ni mimi.

"Utasema ulimpigia simu ukamweleza kifurushi, akakubali kwa mdomo," alinifundisha. "Nani atabisha? Ni neno lako na lake. Na wewe kustaafu si mbali, Mama Neema. Usitafute matatizo sasa."

Nililifanyia mazoezi lile neno mbele ya kioo cha chumbani, na mikono nikiirusha kama mwanasheria. Neema alikuwa mlangoni, sikumwona.

"Mama," alisema, "ukimsema hivyo, mimi nitaingiaje kwenye nyumba ile?"

"Mambo ya kazi usiyaingilie."

"Nitakaa naye meza moja maisha yangu yote. Na yeye anajua kwamba hakupigiwa."

Nikamwambia akalale. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu maneno ya kuwaondoa mbele yangu, na mwanangu naye akawa mteja.

Kikaoni tulikaa meza ndefu, mimi na Bwana Mosha upande mmoja, Mama Kunda peke yake upande wa pili. Aliyeongoza alikuwa mwanasheria wa mamlaka, dada mdogo tu, sauti laini. Alimsikiliza Mama Kunda mpaka mwisho, kisha akatugeukia.

"Nionyesheni alipokubali."

Bwana Mosha akasukuma karatasi yenye ile meseji.

"Hii ni meseji yenu kwake. Yake kwenu iko wapi?"

"Hakujibu," alisema Bwana Mosha. "Lakini afisa wetu alimpigia."

Wote wakanitazama, isipokuwa Mama Kunda. Yeye alikuwa ameinamia mkoba wake anatafuta miwani, kama mtu ambaye hataki kumwona mwenzake anavyoanguka. Nilikumbuka mstari wangu wote. Nikafungua mdomo.

"Ulimpigia kwa simu ipi?" aliuliza yule dada.

Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Ningependa kuwaambia vijana wangu kwamba dhamiri yangu iliamka. Kilichoamka ni ule ujinga wangu wa kujibu kila swali linalohusu vifaa vya ofisi.

"Simu ya dawati langu haipigi nje," nilisema. "Inapokea tu. Nimeomba itengenezwe muda mrefu."

Bwana Mosha akafumba macho.

"Kwa hiyo hukumpigia?"

Nikaangalia kile kilemba kilichoinamia mkoba. "Sikumpigia. Hakukubali popote. Alikuja akanieleza hana televisheni, akarudi akanieleza tena, na sikuandika lalamiko lake mpaka alipokuwa mkwe wangu. Na hayuko peke yake. Wako wengi."

Nilipoanza sikuweza kusimama. Nilieleza habari ya vitufe, ya namba, ya cheti, mpaka yule dada akaniomba nipunguze mwendo kwa sababu alikuwa anaandika. Nilijisikia mwepesi kama nimetua ndoo kichwani. Baada ya dakika chache nikakumbuka kwamba nina mwajiri, na kwamba amekaa hapohapo pembeni yangu, wepesi wote ukaisha.

Uamuzi haukuwa na maneno mengi. Kunyamaza kwa mteja si kukubali. Tozo ya michezo na faini yake ziondolewe, asidaiwe tena. Mteja aliyelipa sehemu asiyoibishia, na lalamiko lake bado linasikilizwa, hakustahili kukatiwa, kwa hiyo aunganishwe mara moja. Na wote waliowekwa kwenye kifurushi kile kwa kimya chao waulizwe upya, anayekataa aondolewe. Wiki iliyofuata foleni yetu ilitoka mpaka barabarani. Fundi pikipiki alikuwa wa kwanza. Niliandika namba mpaka kile kidole changu kimoja kikavimba, na mama mmoja akaniuliza kama ni mimi au ni pacha wangu.

Nilihamishiwa stoo ya ruta za intaneti, chumba kisicho na dirisha, na huko ndiko nilikostaafia. Walidhani wananiadhibu. Ruta zilikuwa tulivu, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe kiti kile nilianza kuhesabu vitu sawasawa, ingawa hata hapo nilikuwa narudia mara mbili.

Lakini turudi kwenye mchana ule wa kikao, nilipotoka nje. Bwana Mosha alishaondoka na gari la ofisi bila kunisubiri. Mama Kunda alinikuta nimesimama kwenye ngazi, akanishika mkono, tukaingia mgahawa mdogo wa jirani, akaagiza chai ya maziwa na chapati za watu wawili.

"Mama Kunda, mimi kwa kweli," nilianza.

"Kunywa kwanza."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto nikaungua ulimi, lakini sikusema kitu, niliona nastahili. Mwishowe nikauliza lililokuwa linaniumiza kuliko kazi. "Tangu siku ile ya kujitambulisha hamjarudi. Hakuna aliyekuja kuzungumza habari za mahari. Neema amekonda kwa mawazo. Kama mmebadili nia kwa sababu yangu, niambieni, lakini mtoto hana kosa."

Alikata chapati yake, akaichovya.

"Nilimwambia Kunda asubiri," alisema. "Ningekuja kuzungumza mahari huku nina kesi na wewe, ungenipunguzia kwa woga. Watu wangesema binti yenu ndiye aliyelipia bili yangu. Sikutaka aingie kwangu hivyo. Sasa kesi imeisha. Mtaje mnachotaka, na mimi nitabishana na ninyi kama watu wanavyobishana na wakwe zao."

Nilimtazama kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania. Machozi yakanijia, nikajifanya ni ule mvuke wa chai, kisha nikajiweka sawa kitini, maana mahari ni mahari. Nikamwambia binti yetu ni msomi, na sisi Wameru si watu wa ng'ombe wachache.

Mama Kunda akasogeza kikombe chake pembeni, akaegemeza viwiko mezani.

"Wangapi?" alisema.